Moto ukipita juu ya Mitwaba, tusitafute mulozi

Kwetu Mitwaba, usiku anga iko nyeusi kabisa. Sisi tunaolala karibu na mashimo tunaijua kuliko watu wa Lubumbashi. Ndiyo maana moto ukipita mbinguni tunauona mara moja: kilima chote kinakuwa mchana, vivuli vinatembea chini, kisha giza linarudi. Dakika kadhaa baadaye, mshindo. Watoto wanalia. Na sisi tuliokimbiaka vita, tunaanza kufunga mizigo.

Asubuhi maneno yanaanza: "Ile njo ndege ya balozi!" Kidole kinamwelekea nkambo fulani anayeishi peke yake. Hapo tusimame kwanza.

Mchimbaji anajua mambo ya baruti: ukiwa mbali, unaona moto kwanza, mlio unafuata. Sauti inatembea kilometa moja kwa sekunde 3 hivi. Mlio ukichelewa dakika 3, ule moto ulikuwa karibu kilometa 60 kutoka kwetu. Nkambo gani anafika kule?

Ni kimondo, jiwe la angani. Linaingia hewani kwa mwendo wa kilometa 11 mpaka 72 kila sekunde. Hewa mbele yake inabanwa, inapata moto sana, na jiwe linaungua. Mara nyingi linaisha juu kwa juu.

Mara moja moja linafika chini. Tarehe 14 Agosti 1992, mchana, mawe yalianguka Mbale, Uganda. Kipande kidogo kilipiga kwanza majani ya mgomba, kisha kichwa cha mtoto, hakuumia. Mbozi, Tanzania, kuko kimondo kikubwa cha chuma chenye nikeli ndani. Basi mtu akikuuzia "jiwe la mbinguni" sababu tu linavuta sumaku, chunga feza yako: mawe mengi ya chuma ya hapa kwetu yanavuta pia.

Hatari ya kweli tuijue. Tarehe 15 Februari 2013, kule Chelyabinsk, Urusi, watu walikimbilia madirisha kuangalia mwanga. Mshindo ukafika, vioo vikavunjika, zaidi ya watu 1,000 wakaumia. Kwa hiyo ukiona mwanga mkali, toka karibu na kioo, toka ukingoni mwa shimo, ungoje.

Na kukipambazuka, twende kwa yule nkambo tumuulize kama alilala vizuri. Yeye pia aliogopa.