Upepo wa Titan Huvuma Kuelekea Wapi?

Kati ya miezi yote ya mfumo wetu wa jua, Titan ya sayari ya Zohali ndio pekee wenye angahewa nzito. Hewa yake, ambayo kama yetu sehemu kubwa ni nitrojeni, huigandamiza ardhi kwa kanieneo inayoizidi ya Dunia kwa karibu nusu. Joto la ardhini ni nyuzi 179 chini ya sifuri, na mvua inayonyesha huko ni ya methani. Kwa anayetaka kuuelewa upepo, ni maabara isiyo na mfano: sheria za fizikia ni zilezile, ila vipimo vyote vimebadilishwa.

Vyombo vilivyofika huko ni vichache, kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na modeli za kompyuta. Modeli huigawa angahewa katika visanduku vingi, kila kimoja na joto lake, kanieneo yake na upepo wake. Kisha kompyuta hukokotoa jinsi kila kisanduku kinavyowasukuma na kuwapasha joto majirani zake, hatua kwa hatua. Kwa Titan kazi hiyo inahitaji subira, kwani mwaka wa huko ni sawa na miaka yetu 29 na nusu, na hewa ya chini hupata joto na kupoa taratibu mno. Ni lazima programu ipitishe miaka mingi ya Titan kabla ya upepo wake kutulia.

Titan hujizungusha mara moja tu kwa siku 16 hivi. Kwa kuwa mzunguko ni wa polepole, hewa inayopanda upande wa kiangazi huweza kusafiri huko juu karibu mpaka ncha ya pili; kwetu, kasi ya Dunia huikatiza safari hiyo karibu na latitudo 30. Msimu ukigeuka, mkondo nao hugeuka, kama kusi inavyoipisha kaskazi, ila zamu moja huko ni takriban miaka 15.

Cha ajabu ni kwamba hewa ya juu huizunguka Titan kwa kasi kuliko ardhi yenyewe. Tarehe 14 Januari 2005, chombo cha Huygens kilipokuwa kikishuka kwa parachuti, darubini za redio zilizo Duniani zilifuatilia mawimbi yake, na kutokana nayo ukapimwa upepo wa mita 120 hivi kwa sekunde kwenye kimo cha kilomita 120, ukielekea mashariki. Ardhi inayokwenda polepole haiwezi kuikokota hewa hivyo. Modeli ya Frédéric Hourdin na wenzake wa Paris ilikuwa imeutoa upepo wa aina hiyo tangu 1995. Mkondo wa misimu hupandisha mwendo wa mzunguko na kuupeleka kuelekea kwenye ncha; mawimbi makubwa ya hewa hurudisha sehemu yake kwenye ikweta.

Modeli nyingine, TitanWRF, haikuupata upepo huo kwa muda. Kosa lilikuwa kwenye kipengele kinachosawazisha tofauti kati ya visanduku jirani ili hesabu isivurugike. Kilipoondolewa, upepo ukajitokeza. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko modeli kumi zinazofanana na picha bila kujulikana sababu.

Fumbo gumu zaidi lilikuwa chini, mchangani. Rada ya chombo cha anga cha Cassini ilionyesha ukanda wa ikweta umejaa matuta marefu ya mchanga, yenye kimo cha mita 100 hivi, na jinsi yanavyopinda kwenye vilima huonyesha kwamba mchanga umesukumwa kuelekea mashariki. Modeli zikang'ang'ania kwamba upepo wa kawaida wa ardhini hapo huelekea magharibi. Nazo zilikuwa na hoja: kama upepo ungeisukuma ardhi kuelekea mashariki kila mahali, hewa ingepoteza mwendo wake bila kurudishiwa. Lazima mahali fulani ielekee kinyume.

Mwaka 2015 Benjamin Charnay na wenzake walipendekeza jibu: dhoruba za methani, zinazofika ikweta majira ya ikwinoksi tu, jua linapokuwa juu ya ikweta. Cassini iliwahi kuona wingu kubwa la aina hiyo mwaka 2010. Kisanduku cha modeli ya mwezi mzima ni kipana mno kuiona dhoruba moja, hivyo wakaiundia hesabu yake yenye visanduku vidogo. Ikaonekana kwamba mvua inaposhusha hewa baridi, hushusha pia mwendo wa kuelekea mashariki ulioko juu, na ardhini hutokea mikupuo ya upepo wa hadi mita 10 kwa sekunde. Upepo wa kila siku, wenye kasi ya mita moja hivi au pungufu, haufui dafu kwa mchanga.

Dragonfly, chombo cha NASA kilichopangwa kuruka 2028, kinatarajiwa kutua kwenye matuta hayo mwaka 2034. Huo utakuwa msimu uleule uliokutwa na Huygens, mwaka mmoja wa Titan baadaye, na ikwinoksi itakuwa bado miaka kadhaa mbele. Kikipima upepo dhaifu unaokwenda kinyume na matuta, asishangae mtu, wala asikimbilie kusema modeli imekosea.