Waifai Hafifu Nyumbani: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Zamani baba wa nyumba alisumbuliwa na paa livujalo na jembe lililotoka mpini. Hayo yangalipo. Lakini siku hizi limeongezeka jingine: kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo kiitwacho ruta, tunachokitegemea kituletee intaneti nyumbani. Mtoto wa kidato cha nne ataka kusoma vitabu katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Mama ataka kumwona kwa video binti yake aliye Dar es Salaam. Baba naye ataka kujua bei ya mpunga kabla dalali hajafika mlangoni. Kumbe kile kiduara kwenye kioo cha simu chazunguka tu, chazunguka, wala hakina mwisho!

Hapo ndipo fedha zianzapo kupotea. Baba asema, “Waifai imekufa,” apanda bodaboda mpaka Mikumi mjini, na muuza duka ampa kifaa cha pili cha kukuza mawimbi. Fedha ya ada ya shule yatoka mfukoni. Jioni kifaa chawashwa, nacho kiduara chazunguka kama jana.

Kwa nini? Kwa sababu hakuuliza kwanza ugonjwa uko wapi.

Fahamu, msomaji, kwamba waifai si intaneti. Fikiri habari ya maji. Kuna kisima cha kijiji, na kuna mpira utoao maji kwenye pipa lako kwenda bustanini. Kisima kikikauka, hata ununue mpira mrefu kama barabara ya Iringa hupati kitu. Intaneti ni maji ya kisima: yatoka kwenye mnara wa kampuni ya simu, yaja kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye laini iliyomo ndani ya ruta. Waifai ni ule mpira tu: ni mawimbi mengine, madogo, yatokayo kwenye ruta na kufika kwenye simu yako chumbani. Safari ni mbili, na kila moja ina magonjwa yake.

Na nyuma ya mnara kuna safari ya tatu ambayo mimi na wewe hatuna mkono ndani yake. Habari hupita katika nyaya za mkongo mpaka Dar es Salaam, kisha huzama baharini. Wengi mtakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika, na intaneti ikayumba Tanzania nzima na kwa majirani zetu. Siku kama ile hata ruta ya dhahabu haisaidii. Ukiona intaneti imepotea ghafla, uliza kwanza kwa jirani mwenye laini ya kampuni nyingine kabla hujagusa pochi.

JINSI YA KUPIMA

Kupima hakuna gharama ila bando kidogo. Simama hatua moja tu kutoka kwenye ruta, simu yako ikiwa imeshika waifai, ufungue ukurasa au video fupi. Kisha nenda chumba cha mwisho ukafanye vile vile. Ikiwa karibu na ruta mambo ni mazuri na chumbani ni mabaya, ugonjwa ni wa waifai. Ikiwa hata hapo karibu kiduara chazunguka, waifai yako haina kosa. Ni kisima ndicho kidogo. Basi, kifaa cha kukuza waifai hakitakufaa kitu, maana chawezaje kugawa kisichokuwapo?

Rudia jambo hilo saa kumi na moja alfajiri, na tena saa mbili usiku. Ikiwa alfajiri yaenda kasi na usiku yajikokota, maana yake watu ni wengi kwenye mnara ule. Pale Mikumi mjini, penye njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara, penye nyumba za wageni na madereva wa malori wanaolala njiani, si ajabu usiku ukawa mzito.

Iko pia namba ya kupimia nguvu ya mnara. Katika simu nyingi za Android fungua mipangilio, kisha sehemu ya habari za simu, kisha hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Hapa wengi hukosea, maana namba kubwa ndiyo mbaya: -80 ni nzuri sana, -100 ni ya kuvumilia, na -115 ni karibu na hakuna. Weka laini ya ruta ndani ya simu kwa muda, kama ruta yaruhusu kuitoa, uzunguke nayo nyumba nzima. Simama kila dirishani kitambo kidogo, uandike namba kwenye karatasi. Wape watoto kazi hiyo. Wataifanya kwa furaha, na huenda wakaifanya vizuri kuliko wewe.

HAMISHA KISANDUKU

Sasa twende kwenye dawa, na dawa ya kwanza ni bure. Tazama ruta yako imekaa wapi. Katika nyumba zetu nyingi imefichwa nyuma ya televisheni, au juu ya kabati la chuma, au sakafuni karibu na soketi. Huko kote ni pabaya. Bati na chuma hurudisha mawimbi; maji huyameza; ukuta wa matofali ya kuchoma huyapunguza, na kuta mbili huyapunguza zaidi. Ukiweka ruta nyuma ya pipa la maji, umeifunga kitambaa machoni.

Iweke mahali pa juu, kiasi cha kimo cha mtu, karibu na dirisha lile lililopata namba nzuri kwenye karatasi yako. Dirisha hilo mara nyingi ni lile linaloelekea mnara. Huku kwetu milima haiko mbali, na kilima kimoja kati ya nyumba na mnara chatosha kuharibu mambo. Kwa hiyo nyumba mbili jirani zaweza kupata tofauti. Usiipeleke darini chini ya bati ukidhani juu zaidi ni bora zaidi. Joto la mchana huko juu laweza kuidhoofisha, na bati nalo laizuia.

Lakini huenda dirisha zuri liko upande wa barazani, na meza ya mtoto iko chumba cha nyuma. Nani ashinde? Dirisha lishinde, maana pasipo kisima hakuna bustani. Kisha fikiria namna ya kupeleka mawimbi nyuma.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa waifai ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya pili ina kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Mtu akaaye sebuleni aitumie hiyo. Akaaye vyumba vya nyuma atumie ya 2.4. Majina yake mara nyingi huonekana yote mawili kwenye simu, nasi huchagua lolote bila kufikiri.

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo cha Dartmouth huko Marekani walionyesha kwamba kinga ya karatasi ya aluminiamu, ikikunjwa vizuri na kuwekwa nyuma ya ruta, huelekeza mawimbi upande unaotakiwa na kuyapunguza upande usiotakiwa. Hata bati la kopo lililofunguliwa laweza kufanya kazi hiyo. Jaribu, ila hakikisha kinga haikai kati ya ruta na mnara, na makali ya kopo yasiwafikie watoto.

Zaidi ya hapo, kitu kinachostahili fedha yako ni waya wa mtandao. Waya mmoja waweza kufika mita 100, hauogopi ukuta, tena bei yake ni ndogo ukilinganisha na mitambo ya dukani. Upitishe pembeni mwa ukuta mpaka chumba cha nyuma, uuchomeke kwenye kompyuta, au kwenye ruta ya zamani iliyokuwa ikikaa bure, igeuzwe kuwa kituo cha pili. Kijana aliyesoma umeme au kompyuta katika chuo cha VETA pale Mikumi huenda akakutengenezea jambo hilo kwa muda mfupi. Na ukinunua kifaa cha kukuza waifai kisicho na waya, usikiweke ndani ya chumba kibovu. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri. Hata hivyo aina nyingi za bei ndogo hupunguza kasi kwa karibu nusu, kwa kuwa kifaa kile kile husikia na kusema kwa zamu.

Ikiwa ugonjwa ni wa mnara, nunua laini ya kampuni nyingine kwanza, uijaribu kwenye simu kwa siku mbili tatu, ndipo ufikirie ruta. Uliza pia dukani kama ruta hiyo imefungwa kwa laini ya kampuni moja. Wapo walionunua kisanduku cha bei kubwa wakagundua hakikubali laini nyingine. Antena ya nje, iliyofungwa kwenye mti mrefu juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara, yaweza kusaidia sana nyumba za mabondeni, mradi ruta iwe na matundu yake na waya wake uwe mfupi. Lakini ile mitambo ya kukuza mawimbi ya simu isiyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, achana nayo. Huvuruga mnara kwa jirani zako wote.

Neno moja juu ya bando. Mara nyingi intaneti inayoitwa hafifu ni intaneti inayonywewa na wengi. Ingia kwenye ruta yako kwa anwani iliyobandikwa chini yake, utazame vifaa vingapi vimeunganishwa. Ukikuta kumi na wewe una simu tatu, badilisha nenosiri usiku huo huo! Zima pia upakuaji wa video wa wenyewe katika WhatsApp, na masasisho ya simu yafanyike alfajiri.

Kuhusu umeme, ruta ya wati 10 ikiwaka usiku na mchana hula uniti 7 hivi kwa mwezi, izimeni mnapolala. Wenye sola wasome kwanza adapta: nyingi ni za volti 12, nazo zaweza kufanya kazi kwenye betri bila kupitia mtambo wa kugeuza umeme, ila fundi apime kwanza. Na masika yakianza kunguruma upande wa milima, chomoa waya wa umeme, na wa antena pia, kabla mvua haijafika.