GOBORE HUKOSA, BUNDUKI YA KIWANDANI HUPATA: KWA NINI?

Ndugu msomaji, sisi wakulima wa Mkuyuni tunawajua maadui wa shamba. Mchana ni ngedere na nyani. Usiku ni nguruwe pori. Unalima, unapalilia, mahindi yanabeba. Usiku mmoja tu nguruwe wanapita, na asubuhi unakuta mabua yamelala chini na mihogo imefukuliwa. Ndiyo maana watu hulala kwenye dungu, wakipiga madebe na kuwasha moto. Na ndiyo maana wengine hutamani bunduki.

Tuchukue mfano. Mjomba na mpwa wake wako kwenye dungu. Mpwa ana gobore. Mara mahindi yanatikisika, mbali kama hatua themanini.

"Mjomba, ndio hao! Nipige?"

"Umemwona mnyama, au umeona mahindi yanatikisika?"

Mpwa akanyamaza. Kumbe alikuwa jirani, anamtafuta mbuzi wake aliyekata kamba.

Mpwa akasema, "Shida ni hili gobore. Tungekuwa na bunduki ya kiwandani, ile inayopiga sawasawa, kusingekuwa na hatari."

Je, mpwa amesema kweli? Tutazame.

Gobore likoje?

Gobore hushindiliwa kwa mdomoni. Unatia baruti, kisha risasi, kisha unashindilia. Mtutu wake ni laini ndani, kama bomba la maji. Risasi ni ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu, la sivyo isingeingia. Basi ukifyatua, risasi inatoka ikigongagonga huku na huku. Pale ilipogonga mwisho ndipo huamua inakokengeukia. Tena baruti hupimwa kwa mkono: leo nyingi, kesho kidogo. Kwa hiyo risasi mbili hazifanani mwendo. Kwa hatua mia moja, gobore linaweza kuukosa hata mlango wa nyumba.

Magobore mengi ya zamani yalitoka viwandani Ulaya. Katika karne ya 19 yaliletwa kwa wingi Unguja na Pwani, baada ya majeshi ya huko kupata bunduki bora. Kwa hiyo si kila kitu cha kiwandani hupiga sawasawa.

Hata wawindaji wakubwa waliujua udhaifu huo. Mwingereza Frederick Selous, aliyepewa jina pori la akiba la Selous, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 kwa magobore makubwa ya mtutu laini. Ilimbidi amsogelee tembo karibu sana. Baadaye akatumia bunduki bora zaidi. Yeye mwenyewe aliuawa kwa risasi vitani, Januari 4, 1917, huko Beho Beho, mbele ya Kisaki. Barabara yetu hii ya Mkuyuni na Matombo ndiyo iendayo Kisaki.

Siri ni kuzunguka

Umewahi kuona watoto wakicheza pia? Pia isiyozunguka huanguka upande. Ikizunguka kwa kasi, husimama wima. Risasi nayo ni hivyo hivyo.

Ndani ya mtutu wa bunduki ya kisasa ya risasi moja moja, mmechongwa mifereji midogo iliyojipinda kama skurubu. Risasi hubanwa na mifereji hiyo, ikalazimika kuzunguka. Ikitoka, inaendelea kuzunguka, na ncha yake hubaki mbele. Haipinduki njiani. (Bunduki ya marisau haina mifereji hiyo. Yenyewe hutawanya vipande vidogo vingi, na ni ya karibu.)

Ufundi huu ulijulikana Ulaya tangu miaka mia tano iliyopita. Lakini kuchonga mtutu mmoja mmoja kwa mkono kulikuwa kazi ghali. Mashine ndizo zilizoleta mabadiliko. Kiwandani mitutu yote huchongwa kwa kipimo kimoja. Risasi nazo hutengenezwa zifanane: uzito mmoja, baruti kiasi kimoja. Hapa kwetu Morogoro kuna Shirika la Mzinga, lililoundwa mwaka 1974, ambalo hutengeneza risasi.

Bunduki hupimwaje?

Huwekwa karatasi ya shabaha mita 100. Bunduki hulazwa juu ya mfuko wa mchanga isitikisike. Mlengaji hupiga risasi tatu au tano, akilenga pale pale. Kisha hupimwa matundu yameachana kiasi gani. Yakikaribiana, bunduki ni nzuri.

Bunduki ya kawaida ya kiwandani, yenye risasi zinazoifaa, huweza kuyaweka matundu yote ndani ya mdomo wa kikombe cha chai. Bunduki iliyotengenezwa hasa kwa mashindano ya shabaha huweza kuyaweka ndani ya upana wa sarafu.

Lakini angalia: umbali ukiongezeka, kosa huongezeka. Sentimeta 5 kwa mita 100 huwa sentimeta 10 kwa mita 200. Mtutu wenye kutu huharibu shabaha. Mkono unaotetemeka nao huharibu. Kiwanda hakiwezi kukutulizia mkono.

Je, mpwa alisema kweli?

Hapana, ndugu msomaji. Gobore lingeweza kumkosa jirani kwa bahati. Bunduki ya kiwandani isingemkosa. Bunduki nzuri hupiga ulipoielekeza, basi. Haijui kama mle ndani ya mahindi mna nguruwe au mna baba wa watu. Kujua ni kazi ya macho yako, kabla kidole hakijagusa.

Tena risasi haiishii shambani. Ile ndogo kabisa huweza kwenda zaidi ya kilometa moja. Ya bunduki kubwa hupita kilometa tatu. Huku kwetu milimani, nyumba ziko juu na chini ya shamba. Ukikosa, risasi inakwenda kwa nani?

Tufanye nini?

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki bunduki bila kibali, na gobore limo. Anayelificha nyumbani anaficha kesi, na pengine msiba.

Lililo bora ni kushirikiana. Mashamba yanayopakana yalindwe kwa zamu, kwa moto, madebe na mbwa. Vichaka vinavyowaficha nguruwe visafishwe. Wanyama wakizidi, tutoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, ili aombwe askari wa wanyamapori. Yeye ana bunduki nzuri, na amefundishwa asipige kitu asichokiona.

Maana mahindi yakiliwa, tutapanda tena msimu ujao. Jirani akiuawa, tutampanda wapi?

Tujiulize

1. Kwa nini risasi ya gobore hukengeuka?
2. Mifereji iliyo ndani ya mtutu ina kazi gani?
3. Kijijini kwenu, nani yuko kwenye zamu ya kulinda mashamba leo usiku?