Haraka ya Kiingereza Haina Jina Moja

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliandika kwenye daftari lake: "I took a fast breakfast." Nilikata neno "fast" kwa kalamu nyekundu, nikaandika "quick" juu yake. Kipindi kilipokwisha alinifuata na daftari mkononi. "Mwalimu, si yote ni haraka?" Nikamjibu kwamba Waingereza hawasemi hivyo. Hawasemi hivyo kweli, lakini jibu lile halikumfundisha kitu. Alifungua kamusi akakuta "fast" ni haraka, "quick" ni haraka, "rapid" ni haraka, "swift" nayo ni haraka. Alichagua lililo karibu, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya.

Nimelifikiria swali lake kwa muda mrefu, na jibu ninaloliona sasa ni hili. Maneno haya hayapangwi kwa ukali, kana kwamba "rapid" ni haraka zaidi kuliko "fast". Kila moja linapima kitu chake: lipo la mwendo, lipo la muda, lipo la mabadiliko, na lipo linaloangalia hali ya moyo wa mtendaji. Hata sisi hatuna haraka moja. Gari huenda kasi, mgonjwa hupona upesi, mwizi hutoka mbio, na mlafi hula kwa pupa. Ukisema jeraha limepona mbio, watu watakucheka, ingawa kamusi itakutetea.

Tuanze na "fast", kwa sababu historia yake inashangaza. Katika Kiingereza cha kale neno hili halikuwa na mwendo wowote. Maana yake ilikuwa imara, kilichokazwa, kisichong'oka. Maana hiyo ingalipo: "fasten" ni kufunga mkanda au kifungo, "hold fast" ni kushika usiachie, na aliye "fast asleep" amelala fofofo, hatikisiki. Inakuwaje neno la kitu kilichosimama likawa neno la kitu kinachokimbia? Msemaji wa Kiswahili ana jibu mdomoni. Tunasema msafiri amekaza mwendo. Kukaza ni kubana, kufanya kitu kisilegee. Lakini anayekaza mwendo anakwenda mbio. Mwingereza wa zamani alipita njia hiyo hiyo: kukimbia kwa kukaza kukawa kukimbia kwa kasi.

Tena kuna "fast" ya tatu, yaani saumu, nayo imetoka katika shina hilo hilo la kushika kwa uthabiti. Hapa Kiswahili kinakutana na Kiingereza ana kwa ana: sisi tunafunga mlango, na tunafunga Ramadhani, kwa kitenzi kimoja. "Breakfast" ni kuvunja mfungo wa usiku, kama sisi tunavyosema kifungua kinywa. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa na "fast" mbili katika sentensi moja bila kujua, na ile ya pili ilikuwa mahali pake kabisa.

Ya kwanza ndiyo iliyopotea njia. Leo "fast" hupima mwendo wa kitu kinachokwenda: gari, mkimbiaji, mto, intaneti. Swali lake ni: kinakwendaje? "Quick" huuliza jambo jingine: limechukua muda gani? Kutupia jicho ni "a quick look", swali fupi ni "a quick question", simu ya dakika moja ni "a quick call". Jicho halikukimbia popote. Limetumia muda mfupi tu. Kiswahili kina namna yake ya kusema haya, na haipatikani kwenye kamusi chini ya neno haraka. Tunasema mara moja. "Ngoja nipite dukani mara moja." "Hebu chungulia mara moja." "Nikuulize mara moja, shemeji." Hatumaanishi kwamba tutakwenda dukani tukitimua vumbi. Tunamaanisha hatutakawia.

Mtu atauliza: mbona chipsi na kuku wa mjini huitwa "fast food", wakati navyo ni chakula? Kwa sababu kinachosifiwa pale ni jiko na huduma: sahani inafika mezani ungali unatafuta kiti. Unaweza kuila "fast food" hiyo kwa saa nzima ukipiga soga. "A quick meal" ni mlo uliomalizika kwa muda mfupi, hata kama ni ugali uliopikwa asubuhi nzima.

"Quick" nayo ina asili yake. Zamani ilimaanisha hai, na katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walio hai wanaitwa kwa neno hilo. Ukikata kucha ukapitiliza ukagusa nyama laini inayouma, umegusa mahali ambapo Mwingereza hupaita "the quick", yaani palipo hai. Zebaki aliiita "quicksilver", fedha iliyo hai, kwa sababu matone yake hukimbia ukiyagusa. Kutoka uhai neno likaja kwenye wepesi wa kuitikia. Ndiyo maana mwepesi wa kuelewa ni "quick", na mwepesi wa hasira naye ni "quick". Kiswahili kinakubaliana tena: wepesi na upesi ni maneno ya ukoo mmoja.

Sasa "rapid". Hili limetoka Kilatini, kwenye kitenzi cha kunyakua, na ndugu yake ni "raptor", ndege wa jamii ya mwewe na kipanga. Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 17, na hadi leo lina harufu ya shule na ofisi kuliko ya jikoni. Wingi wake, "rapids", ni sehemu za mto ambapo maji hupita kwa nguvu juu ya mawe, kama Mto Nile karibu na Jinja. Lakini kazi yake kubwa ni kueleza mchakato: ukuaji wa mji, kuenea kwa ugonjwa, kupanda kwa bei, mapigo ya moyo. Swali lake ni: mambo yanabadilika au kufuatana kwa kasi gani? Kipimo cha malaria cha zahanati huitwa "rapid test" kwa sababu hatua zake, tangu tone la damu hadi jibu, hufuatana bila kusubiri maabara.

Mfano bora upo Dar es Salaam. Mwaka 2016 mabasi yalianza kubeba abiria kwenye njia zake maalumu, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Kwa Kiingereza mfumo huo ni "bus rapid transit". Wakala wa serikali ulitafsiri kuwa Mabasi Yaendayo Haraka. Wananchi wakauita mwendokasi, na jina la wananchi ndilo lililoshika. Ukichungulia Kiingereza chenyewe, utaona kwamba neno "rapid" halikuwekwa kwa basi. Limewekwa kwa "transit", yaani upitishaji wa watu. Barabara ikiwa nyeupe, bodaboda inaweza kulipita basi lile. Kinachotakiwa kuwa cha kasi ni watu wengi kutoka hapa hadi pale bila kukwama kwenye foleni. Tafsiri zote mbili zimelipa basi sifa iliyokuwa ya mfumo. Ndiyo maana abiria aliyesubiri kituoni nusu saa huuliza kwa uchungu mwendokasi uko wapi, na hata kwa Kiingereza swali lake ni la haki: mfumo usiopitisha watu si "rapid", hata dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Mengine tuyapitie kwa ufupi. "Swift" ni wepesi laini, usio na mikwaruzo, na hukaa vizuri katika lugha ya sifa na ya maandishi. Anayetumiwa fedha benki kutoka nje hulijua kupitia "swift code". Hapo neno hilo ni herufi za kwanza za jina la ushirika wa mabenki ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973. "Velocity" ni ya darasa la fizikia, nayo hudai mwelekeo: pikipiki inayozunguka kipilefti kwa kilomita 30 kwa saa haibadilishi "speed", lakini "velocity" yake inabadilika muda wote inapozunguka. "Prompt" haisemi kasi hata kidogo. Inasema utayari na kufika kwa wakati. Mhasibu anayelipa mshahara siku yake ni "prompt", hata kama hutembea polepole kuliko wote ofisini.

Limebaki "haste", na sifa yake "hasty". Hapa tunaacha kumpima anayekwenda, tunamhukumu. "A quick decision" yaweza kuwa uamuzi wa busara wa mtu anayeijua kazi yake. "A hasty decision" ni uamuzi wa pupa. Muda uliotumika unaweza kuwa ule ule, sekunde tano na sekunde tano. Tofauti iko ndani ya mtu.

Methali ya Kiingereza inasema "more haste, less speed". Itafsiri kwa kamusi upate kichekesho: haraka zaidi, haraka kidogo. Ila katika Kiingereza cha kale "speed" ilimaanisha mafanikio, heri. Anayemwambia msafiri "Godspeed" anamwombea Mungu amfanikishe. Soma methali tena kwa maana hiyo: ukizidisha pupa, unapunguza heri. Mzee yeyote wa pwani angekatiza hapo na kusema, haraka haraka haina baraka.

Nasi tumelibadilisha neno letu wenyewe. Waarabu, ambao tuliazima kwao haraka na baraka, husema kwamba katika haraka mna baraka, kwa kuwa kwao haraka ni mwendo, kujishughulisha, kutokaa bure. Maana hiyo tumeibakiza katika harakati. Haraka yenyewe tumeigeuza kuwa pupa, kisha tukainyima baraka. Kiingereza kilianza na neno la baraka kikaligeuza kuwa kasi. Sisi tulianza na neno la mwendo tukaligeuza kuwa onyo.

Yule mwanafunzi angerudi leo na daftari lake, nisingeshika kalamu kwanza. Ningemwambia, "Hebu niambie asubuhi ile kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu." Najua angesema, "Nilikunywa chai mara moja, nikatoka mbio kuwahi basi." Hapo mara moja ni "quick" na mbio ni "fast", kila moja mahali pake. Ningemrudishia daftari na kalamu, amalizie mwenyewe.