Mzizi Mtamu wa Heerenveen

Wanangu, tumboni mwenu mna asidi kali inayomeng'enya nyama. Na tumbo lenyewe ni nyama! Mbona basi halijimeng'enyi? Ni kwa sababu ukuta wake umepakwa ute mzito, unaoteleza kama wa bamia, na asidi haiupenyi kirahisi. Ute ukidhoofika mahali, asidi huula ukuta, na hapo ndipo kidonda kinapotokea. Mwenye kidonda hicho huamka usiku wa manane, tumbo linawaka moto.

Sasa twendeni Uholanzi, katika mji wa Heerenveen. Palikuwa na mfamasia ambaye dawa yake ya vidonda vya tumbo ilisifiwa sana na wagonjwa. Daktari mmoja, Revers, alizisikia sifa hizo na hakuzipuuza. Akachunguza imetengenezwa kwa kitu gani, akakuta ndani mna maji ya mizizi ya mmea uitwao likorisi, yaliyochemshwa hadi yakawa uji mweusi, mtamu ajabu. Mwaka 1946 aliandika kwamba wagonjwa wake walipata nafuu. Nami nampendea jambo moja: ubaya wa dawa hakuuficha. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alivimba uso na miguu. Ukibonyeza mguu uliovimba hivyo kwa kidole, hubaki kishimo.

Kwa nini kuvimba? Likorisi ina kitu kitamu kiitwacho glisirizini, ambacho huzifanya figo zishikilie chumvi na maji. Maji yakizidi mwilini, presha nayo hupanda. Utamu ule ule ndio wenye hatari.

Wataalamu wa Uingereza wakatoa katika mzizi huo dawa ya karibenoksoloni, inayoimarisha ute. Mwaka 1962 Richard Doll na wenzake walionyesha kwamba inaharakisha kupona kwa vidonda. Lakini kuvimba hakukuisha.

Tena palikuwa na adui mwingine, msababishi wa vidonda, ambaye alikuwa bado hajaonekana. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimgundua: kijidudu kilichojipinda, kinachoishi ndani ya ute wenyewe. Mwaka 1984 Marshall alikinywa kwa makusudi, akaugua tumbo. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Siku hizi daktari hupima kwanza kama kijidudu kipo, kisha hutoa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Likorisi nayo bado inauzwa, mara nyingine ikiwa imeondolewa glisirizini ili isivimbishe mtu.