Kupima Makovu ya Ini Bila Sindano

Ini huumia kimyakimya. Mwenye homa ya ini sugu aina ya B aweza kulima na kufanya biashara miaka mingi huku ini lake likijaa makovu. Tumbo linapovimba na macho kuwa ya manjano, mara nyingi ugonjwa huwa umekwisha kukomaa.

Zamani makovu hayo yalipimwa kwa kuchukua kinyama cha ini kwa sindano. Sasa kipo kipimo kisichojeruhi. Mgonjwa hulala chali, na kifaa huwekwa juu ya ngozi, kati ya mbavu za kulia. Kifaa hutoa mtikisiko mdogo, kisha mawimbi ya sauti hupima kasi yake: ini likiwa gumu, mtikisiko husafiri upesi zaidi. Mgonjwa asile chochote kwa saa 3 kabla ya kipimo, maana chakula hupandisha matokeo.

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini B, ugumu unaozidi kilopaskali 7 huashiria makovu makubwa, ukizidi 12.5, huashiria ini lililosinyaa. Pasipo na mashine, vipimo vya damu hutoa makadirio.

Ajuaye kuwa ana virusi asingoje dalili; amwone mganga mapema, kwani dawa huzuia makovu yasiongezeke.