Dang'a la Ng'ombe na Maungo Yanayouma

Ngumi ni kisiwa cha wavuvi. Kipo kusini ya Kismayo, katika mlolongo wa visiwa vya Wabajuni unaoshuka kuelekea mpaka wa Kenya, na atakaye maziwa ya ng'ombe hutazama bara, kwa wafugaji. Huko ng'ombe akizaa, maziwa ya siku ya kwanza hayafanani na maziwa: ni mazito, ya njano, hunata vidoleni, na yakibandikwa motoni huganda kama yai. Wasomali huyaita dambar. Sisi twasema dang'a. Siku hizi dang'a hilohilo hukaushwa likawa unga, likatiwa makoponi na kuuzwa kwa bei ya kuruka kwa watu wenye baridi yabisi, lupasi na maradhi mengine ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe.

Tuanze na ndama, maana dang'a ni lake. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa karibu hana kitu damuni. Lita moja ya dang'a zuri ina gramu 50 au zaidi za kingamwili aina ya IgG, ilhali maziwa ya kawaida ya ng'ombe huyohuyo hayafikishi hata gramu moja. Na muda wenyewe ni mfupi. Utumbo wa ndama huziachia kingamwili zipite nzima hadi damuni katika saa za mwanzo tu; zikitimia takriban 24, njia imezibwa. Ndiyo maana mfugaji ajuaye kazi yake humsaidia ndama asimame anyonye kabla ya jambo lingine lolote.

Mtoto wa binadamu hakuumbwa hivyo. IgG huzipata akiwa tumboni, kupitia kondo, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Dang'a la mama humwongezea zaidi IgA, za kulinda utumbo. Mtu mzima akinywa dang'a la ng'ombe, sehemu kubwa ya kingamwili zake humeng'enywa kama protini ya samaki, na zinazosalimika hufanya kazi mlemle utumboni. Tena hata zingefika damuni, lupasi si ugonjwa wa upungufu wa kingamwili. Mgonjwa anazo, ila zimekosea adui. Maneno "huongeza kinga" yaliyochapwa kwenye kopo ni ahadi ya ajabu kwa mtu ambaye kinga yake ndiyo inayomla.

Wauzaji wana jibu: dang'a, wasema, hukarabati ukuta wa utumbo, na utumbo ukipona kinga hutulia. Nusu ya kwanza ya jibu hili ina mashiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka kaskazini mwa Uganda uliwapa unga wa dang'a watu wenye virusi vya Ukimwi waliokuwa wakiharisha, na hali zao zikatengemaa zaidi ya wenzao. Malawi nako, watoto waliopewa dang'a pamoja na yai hawakudumaa sana kama wengine. Lakini kuharisha na kudumaa si baridi yabisi. Ushahidi ulio karibu zaidi ni wa Uingereza, mwaka 2002: wagonjwa 14 wenye vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa wa jamii hii ya kinga kujigeuka. Waliopewa dang'a kati yao walipata nafuu, ila hawakulinywa. Liliingizwa kwa njia ya haja kubwa, juu ya dawa zao za kawaida. Watu 14 ni mwanzo wa swali tu.

Kwa mtu wa pwani hii mimi naogopa zaidi jambo jingine. Asiyemudu kopo atatafuta dang'a bichi. Maziwa mabichi ya mifugo yaweza kubeba brusela, bakteria aletaye homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo. David Bruce alimgundua kisiwani Malta mwaka 1887. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kwamba anatoka kwa mbuzi, na askari wa Kiingereza walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, homa ikapungua ghafla. Sasa mchukue mgonjwa wa baridi yabisi anayetumia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga. Akinywa dang'a bichi akaambukizwa, mwili wake una nguvu ndogo ya kupigana, na maungo yakizidi kuuma atadhani ni ugonjwa ule wa zamani. Huenda akaongeza dang'a. Kinachotakiwa hapo ni kipimo cha damu, na daktari aambiwe habari ya maziwa.

Kuchemsha humwua brusela. Moto huohuo huziharibu kingamwili. Kwenye mashamba makubwa ya maziwa dang'a la ndama hupashwa nyuzi 60 kwa dakika 60, vijidudu vipungue na kingamwili zibaki, kazi inayotaka mtambo na kipimajoto. Mwenye kuni na sufuria huambulia donge la njano, tamu kwa chumvi kidogo, chakula kizuri tu.